Haifiki

Saa kumi na moja kasorobo ndege ya jioni
inapita juu ya Bwiru, tumbo linakaribia kugusa mawe,
na vikombe vya mama vinaanza kugongana kabatini.
Mimi nasimamisha kalamu.
Yeye haachi kuchambua dagaa.

Kazi yangu, nikiulizwa sokoni Kirumba,
nasema: nahesabu kelele.
Wanacheka. "Kwa kilo au kwa debe?"

Ndani ya injini kuna bomba fupi,
pana kuliko mlango wa nyumba hii,
na humo mapanga ishirini na mawili yanakata hewa.
Nyuma yake, mabapa yaliyosimama tuli.
Panga likipita, bapa linashtuka,
na mshtuko unajisokota ndani ya bomba
kama kamba inayosukwa na watu wasioonana.

Mlinganyo wake nimeuandika kwenye daftari la madeni,
ukurasa unaofuata "Mama Shija, elfu nne, Ijumaa".
Shinikizo. Kasi. Masharti ya ukutani.
Ukuta mgumu hurudisha kila kitu.
Ukuta wenye vitundu, wenye masega nyuma yake kama mzinga,
humeza kidogo,
na hicho kidogo ndicho kinachonilipa mshahara.

Ila hila ninayoipenda ni ya kutoa tu,
hata mtoto wa darasa la tano angeiweza.
Weka mabapa hamsini na manne.
Ishirini na mbili kutoa hamsini na nne:
hasi thelathini na mbili.
Wimbi lenye mikunjo thelathini na miwili,
mingi mno kwa bomba hili, kwa mlio huu.
Chini ya kipeuo inatokea hasi,
namba ya kufikirika inaingia bila hodi,
na wimbi, badala ya kusafiri, linafifia.
Kabla ya mdomo wa bomba limekwisha.
Anayesimama Igombe akitazama juu
hatajua kamwe kwamba lilizaliwa.

Mama alihudumia kinu cha pamba kule Magu
miaka kumi na tisa.
Hakuna aliyempa cha kuziba masikio.
Hata pamba. Kwenye kinu cha pamba.
Sikio la kulia lilikwenda kwanza, akahamishia simu kushoto
na maisha yakaendelea.
Sikumsikia akilalamika,
nami, kama mtu aliyesoma, nikaandika sifuri.

Jana usiku nilichora shinikizo
sentimita mbili tu kutoka kwenye panga,
pale ambapo hapimi mtu kwa sababu hasimami mtu,
na mstari ukapanda
mpaka ukatoka nje ya karatasi.
Nikadhani nimekosea alama.
Nikarudia kwa kalamu nyekundu, taa ikizimika na kuwaka.
Uleule.

Hesabu haikusema hakuna sauti.
Ilisema: haifiki.

Basi leo nimehamisha kigoda.
Nimekaa kushoto kwake, goti kwa goti, ungo katikati,
harufu ya ziwa lililokaushwa puani.
Ndege imeshatua. Kunguru wamerudi kwenye mabati.
"Mama, kinu kilikuwa kinaliaje?"

Mkono wake unasimama juu ya dagaa.
Ananitazama kama nimeuliza bei
ya kitu kisichouzwa.
"Mbuke," anasema, "wewe si ndiye unayejua sauti?"
Anatoa jiwe dogo kwenye ungo, analitupa nje.
Analifuata kwa macho.

Kisha anafumba midomo
na kifuani mwake kitu kinaanza kuzunguka,
kizito, bila neno,
kinapanda, kinashika, hakiachi.

Vikombe kabatini vimetulia.
Jirani anaita kuku wake, hajageuka.
Mimi mwenyewe silipati sikioni.
Nalipata gotini.